Windows 11 inagoma kwenye laptopu ya zamani na kurudi Windows 10: soma namba kabla ya kufomati

Swali, nimelifupisha kidogo: "Habari za kazi fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, natumia HP EliteBook 840 G1, i5, RAM 4GB, hard disk 500GB, niliinunua mtumba. Nilisikia Windows 10 mwisho wake Oktoba 2025, kijana wa steshenari akanipa flashi ya Windows 11, akasema hii inaruka ule ukaguzi wa mashine. Nikaanza, ikaristati, ikakwama, ikarudi Windows 10 na kuandika 0xC1900101 - 0x20017. Nikarudia, safari hii umeme ukakatika katikati na betri yangu haikai. Sasa inawaka ila inachukua mda mrefu mno, na nikifungua Excel inaganda. Fundi mmoja kasema BIOS imekufa, mwingine kasema ifomatiwe yote. Matokeo ya wanafunzi ya miaka yote yamo humo humo. Nifanyeje?"

Pole sana Mwalimu. Kwanza kabisa usiibonyeze tena hiyo setapu, usimpe mtu yeyote aifomati, na kama hakuna kazi ya lazima izime tu ikae. Windows 11 kugoma wala sio inshu kubwa hapa, inshu ni hayo maneno yako kwamba inaganda ukifungua Excel. Ujue setapu ya Windows ikifeli na kujirudisha yenyewe, kompyuta inatakiwa irudi vilevile ilivyokuwa kabla, labda nafasi tu ndo inakuwa imepungua maana inaacha mafaili yake nyuma. Ikirudi imechoka namna hiyo mi naishuku hard disk kabla ya kitu kingine chochote. EliteBook 840 G1 ilitoka mwaka 2013, kwahiyo kama hiyo diski ndo ile iliyokuja nayo kiwandani basi imezunguka zaidi ya miaka kumi, afu usiku mmoja ukaibebesha kazi ya kuandika magiga kwa magiga mara mbili, na mara ya pili umeme ukakatika ikiwa katikati ya kuandika.

Hilo la BIOS kufa achana nalo, BIOS ni ile programu ndogo ya kwenye bodi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows. BIOS ikifa hufiki popote, skrini inabaki nyeusi, nembo ya HP huioni, mara nyingi unaona taa ya Caps Lock inapepesa tu. Yako inafika mpaka Excel. Na huyu wa kufomati simlaumu sana, huenda mwisho wa siku tutapiga Windows upya kweli, ila kufomati kabla ya kutoa matokeo ya wanafunzi ni kosa ambalo halirudishiki kirahisi, na ukifomati diski mbovu unapata diski mbovu tupu.

Kwahiyo tuanze na mafaili, mengine yatasubiri. Usiyatoe ukiwa ndani ya Windows hiyo hiyo kama unaweza kukwepa, maana Windows ikiwaka tu inaanza kuisoma diski kila kona, antivairasi inapekua, apdeti zinajishusha, mara inapanga orodha ya mafaili, na diski iliyochoka inaweza kukufia mikononi wakati unahamisha picha za harusi. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchomoa diski yenyewe, kwenye 840 G1 mfuniko wa chini unafunguka kirahisi na diski ni ya inchi 2.5 ya kawaida, unaiweka kwenye keso ya USB, zile wanazouza mafundi wote wa kompyuta, unaichomeka kwenye kompyuta nyingine nzima na kunakili. Ya pili kama hutaki kufungua: tafuta kompyuta nzima, tengeneza flashi ya Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, kwa programu ya Rufus, flashi ya 8GB inatosha, afu chomeka kwenye EliteBook, washa huku unagonga F9, chagua flashi. Itawaka Linux kutoka kwenye flashi bila kuinstoli chochote, kwenye skrini yake kuna alama ya kuinstoli, hiyo usiiguse kabisa, we fungua tu folda za diski yako na uhamishie kwenye diski ya nje. Ikikwambia diski inasomeka tu na haiandikiki usihangaike, sisi tunataka kusoma tu.

Anza na Excel za matokeo. Sio picha, sio miziki, sio folda la Downloads lenye magiga ya video za WhatsApp. Ingia Users, fungua jina lako, chukua Documents na Desktop, hakikisha zinafunguka kwenye kompyuta nyingine, ndo urudi kwa mengine. Faili likikwama kwa dakika nyingi lirukie uchukue linalofuata, utalirudia mwishoni. Na nakala ya matokeo weka sehemu mbili, diski ya nje na mtandaoni, mafaili ya Excel ni madogo hata bando dogo linayabeba. Jambo moja la tahadhari: ukikuta skrini ya bluu inakudai ufunguo wa tarakimu 48, hapo diski imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la Windows lenyewe, ufunguo mara nyingi unakuwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kwenye hiyo laptopu, na mtu akikwambia suluhisho ni kufomati mwambie asubiri.

Mafaili yakishakuwa salama sasa unaweza kuipima diski kwa amani. HP wameweka kipimo chao ndani, washa huku unagonga Esc mfululizo, ikija menyu bonyeza F2, chagua kupima hard disk na ukiweza pima na memori humo humo. Ikifeli hapo mjadala umeisha, hiyo diski ni ya kutupa, hata ukipiga Windows gani itakusumbua tu. Ikipita bado mi ningeingia Windows na kuinstoli CrystalDiskInfo, ni ya bure, inasoma kumbukumbu za afya ya diski. Angalia mistari miwili, ule wenye namba 05 na ule wenye C5. 05 ni sehemu za diski zilizokwisha haribika zikahamishwa, C5 ni zile ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanye nini. C5 ikiwa na kitu chochote zaidi ya sifuri, na laptopu inaganda kama ulivyosema, mi sihitaji ushahidi mwingine. Halafu usikimbilie ile chkdsk yenye /r, amri ya Windows ya kukagua diski, ambayo kila mtu anaishauri, kwenye diski inayokufa ile inailazimisha isome kila sehemu mpaka mwisho, inaweza kuimalizia kabisa. Ni ya diski nzima yenye mafaili yaliyovurugika, na wewe utaitumia baada ya kutoa vitu vyako tu, sio kabla.

Sasa turudi kwenye ile namba, maana watu wengi wanaiona kama matusi tu ya kompyuta wanaifunga wanaanza upya, wakati namba ndo imebeba habari yote. 0xC1900101 yenyewe ni ya jumla, maana yake setapu imeshindwa ikajirudisha, na mara nyingi sana chanzo kinakuwa draiva fulani, yaani kiprogramu kinachoiunganisha Windows na kifaa kama diski au skrini. Uzito uko kwenye kipande cha pili, 0x20017. Tarakimu ya kwanza baada ya 0x inakwambia ni hatua gani. Kupandisha Windows kuna hatua nne: 1 ni pale bado uko ndani ya Windows ya zamani, inakagua na kunakili mafaili huku wewe unaendelea na kazi zako, 2 ni pale inaporistati na kuingia kwenye kimfumo kidogo cha katikati ambacho ndo kinaiondoa ya zamani na kuipanga mpya, 3 ni Windows mpya inawaka mara ya kwanza, 4 ni mara ya pili ambapo inamalizia setingi za mwisho. Ni kama kuhama nyumba, hatua ya 2 ndo ile vyombo viko kwenye kirikuu, nyumba ya zamani umerudisha funguo na mpya hujaingia. Na ile 17 ya mwisho inasema ilikuwa kwenye kuwaka. Kwahiyo yako ilifia kwenye hatua ya 2 ikijaribu kuwaka, yaani haikufika hata kuiona Windows 11 yenyewe. Mtu akikwambia "Windows 11 haiendani na programu zako" hapo anabahatisha.

Kinachoangusha mashine kwenye hatua hiyo huwa hakiko mbali: draiva ya diski au ya kitu kilichochomekwa, antivairasi iliyojichimbia ndani sana, programu ya kufunga diski kwa nenosiri, BIOS ya zamani ambayo haijawahi kuapdetiwa, au kifaa chenyewe, RAM au diski. Na kuna mmoja ambaye kwetu huku watu wanamsahau, modemu. Zile modemu za USB za laini za simu zilikuwa zinakuja na programu yake ambayo inaweka madraiva ya kizamani, mtu ameshaacha kuitumia modemu miaka na miaka lakini draiva zimo humo humo zinalala. Laptopu ya mtumba iliyopita mikono mitatu unaweza kukuta modemu mbili, antivairasi mbili zilizoisha mda, na kile kiprogramu cha kuifanya Windows ya bure ionekane imelipiwa, ambacho nacho kinachokonoa mafaili ya mfumo na mara nyingine kimekuja na vairasi wake.

Kama unataka uhakika badala ya kukisia, setapu imeandika kila ilichofanya. Ingia C, ruhusu folda zilizofichwa zionekane, tafuta $WINDOWS.~BT, ndani yake Sources, ndani yake Panther, kuna setupact.log na setuperr.log. Ni marefu na yanachosha, usiyasome kuanzia juu, nenda mwisho kabisa upande juu taratibu ukitafuta mstari wenye Error karibu na saa ile ilipogoma, mara nyingi utakuta jina la faili linaloishia na .sys au .inf, hilo ndo draiva. Microsoft wana kiprogramu chao cha bure kinaitwa SetupDiag kinakusomea hayo mafaili na kukuandikia sababu kwa ufupi, ni kidogo sana hakimalizi bando.

Wasomaji wengine wenye namba tofauti, kwa haraka haraka: 0x80070070 nafasi haitoshi, safisha diski. 0xC1900200 mashine haijafikisha viwango. 0xC1900107 kuna usafi wa jaribio lililopita haujaisha, ristati kwanza. Ukiambiwa partisheni iliyohifadhiwa kwa mfumo imeshindwa kuapdetiwa, ni kale kapartisheni kadogo ka mwanzo wa diski kamejaa, mara nyingi kana 100MB tu, na hapo tafuta mtu anayejua asiguse sehemu nyingine. Zikianza na 0x3 au 0x4 kwenye kipande cha pili, angalia zaidi madraiva.

Kwa hiyo Mwalimu, ingekuwa diski ni nzima na ungetaka kurudia, ungefanya hivi: ondoa antivairasi ya nje kabisa sio kuizima tu, ondoa programu za modemu, chomoa kila kitu cha USB pamoja na kadi ya memori isipokuwa hiyo flashi ya setapu, shusha BIOS mpya ya 840 G1 kutoka HP wenyewe lakini kuiapdeti kunataka umeme wa uhakika na betri inayokaa kwahiyo na hiyo betri yako usithubutu, andika cleanmgr kwenye sehemu ya kutafuta na ufute mabaki ya usakinishaji yaliyobaki, hayo peke yake yanaweza kuwa magiga mengi, afu fungua Command Prompt kwa mamlaka ya admini uandike DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza sfc /scannow. Ile ya kwanza inatumia intaneti kuchukua mafaili mazima, isikushangaze bando likishuka. Kisha ndo uanze, mchana, umeme ukiwa umetulia.

Lakini mi nakushauri usirudie. Nitakwambia kwa nini.

Windows 11 ilivyotoka Oktoba 2021 Microsoft waliweka masharti: chipu ya usalama ya TPM 2.0, Secure Boot, RAM 4GB, nafasi 64GB na prosesa, kwa upande wa Intel kwa ujumla ni kizazi cha 8 kwenda mbele. Yako ni i5 ya kizazi cha 4, angalia jina lake kamili litakuwa kitu kama i5-4300U, ile tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndo kizazi. TPM yake ni ya 1.2. Kijana wa steshenari hakukudanganya, kuna njia ya kuruka ukaguzi na kwenye mashine nyingi inakubali, prosesa yako ina uwezo wa kuiendesha kabisa. Ila Microsoft wanasema wazi mashine ya namna hiyo haina haki ya kupata apdeti, na yale matoleo makubwa ya kila mwaka hayaji yenyewe, itabidi kila mara umtafute tena huyo kijana na flashi yake. Na RAM 4GB na diski ya kuzunguka kwenye Windows 11, utafungua Excel uende ukachemshe chai.

Na hiyo habari ya Windows 10 kufa imewatisha watu kuliko inavyostahili. Tarehe 14 Oktoba 2025 kilichoisha ni apdeti za bure za usalama, kompyuta haizimiki. Afu Microsoft wameweka mpango wa nyongeza kwa watu wa kawaida, unapata apdeti za usalama mpaka 13 Oktoba 2026, unalipia dola 30 au pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au hulipi kitu ukiingia na akaunti ya Microsoft na kukubali setingi zako zihifadhiwe kwao. Sharti Windows 10 yako iwe toleo la 22H2. Ukienda Settings, kwenye Windows Update, utaona sehemu ya kujiandikisha. Na Defender, ile antivairasi ya ndani, imeahidiwa kuendelea kupata orodha za vairasi wapya mpaka 2028, ingawa hiyo peke yake haizibi matundu ya mfumo wenyewe.

Kwahiyo pesa yako weka kwenye SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, ya 240GB au 256GB inakutosha, ile ya inchi 2.5 ya SATA iingie moja kwa moja pale ilipokuwa hard disk. Ongeza na RAM ifike 8GB, hii mashine ina nafasi mbili na inachukua DDR3L, kwenye lebo isomeke PC3L, ukiuziwa PC4 haitaingia hata uisukume. Usimruhusu fundi akloni, yaani anakili diski yote ya zamani kama ilivyo, kwenda kwenye SSD, diski ikiwa inakufa utahamisha na majeraha yake pamoja na hizo modemu na takataka zote. Apige Windows 10 mpya kutoka kwenye faili la Microsoft wenyewe. Kama Windows yako ilikuwa imeamilishwa kihalali itajiamilisha yenyewe ukiunganisha intaneti, kwa sababu leseni ya kidijitali inafungwa na bodi ya mashine, sio na diski. Kabla hujabadilisha chochote angalia kwenye Settings kama imeandikwa imeamilishwa kwa leseni ya kidijitali.

Ikifika Oktoba 2026 utaamua. Linux Mint 22 ina apdeti mpaka 2029, ni bure, na kwenye i5 yenye SSD na 8GB inakimbia vizuri sana, na si utakuwa umeshaiona kwenye ile flashi ya kuokolea mafaili? Ila nikwambie ukweli, Excel haimo, utatumia LibreOffice, fomula za kawaida za wastani na madaraja zinafanya kazi lakini kama shule yenu ina faili lenye makro, zile amri zinazojiendesha ndani ya Excel, za kutoa ripoti za wanafunzi hilo linaweza kugoma. Kalijaribu hilo faili kwenye Linux ya flashi kabla hujaamua kuhama.

Na ukiona bora ununue nyingine yenye Windows 11 halali, usinunue kwa jina tu. 840 G5 watakwambia ni ya kizazi cha 8, na kweli nyingi ni za 8, ila zipo G5 zilizotoka na prosesa za kizazi cha 7 na hizo hazimo kwenye orodha. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, soma mstari wa prosesa uone i5-8 na kuendelea, halafu fanya hivyo hivyo uandike tpm.msc uone 2.0. Akikataa kuiwasha, muachie laptopu yake.